Mshahara Shingoni mwa Mbuzi

Enzi zetu kule Kitanga jioni hatukuhitaji saa. Tuliwasikia mbuzi wa babu wakirudi, shingoni wamevishwa sarafu za shaba zilizotobolewa kwa msumari, na babu kwenye kigoda chake anasema, "Haya, mshahara wangu huo unarudi." Sisi tukicheka mpaka uji unatutoka puani. Hatukujua tunacheka nini.

Sarafu zile ziligongwa Tabora wakati wa vita, Mjerumani alipoishiwa fedha. Babu na mdogo wake, Bitama, walibebeshwa mizigo ya askari, wakalipwa hizo. Bitama akafia njiani kwa kuhara, babu akarudi na malipo ya wote wawili. Akaingia Mwingereza, sarafu zikawa takataka. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini hesabu hiyo naijua: mtu kafa, malipo yake hayanunui hata chumvi.

Babu alipougua mara ya mwisho alimwita mama, mkwewe. "Wavue mbuzi zile za Bitama, uende Kasulu. Nataka nilambe chumvi ya jasho la mdogo wangu kabla sijamfuata."

Mama akaenda kwa miguu. Mwenye duka akazigeuzageuza, akacheka. "Bibi wee, hizi kamdai Mjerumani!" Mama akauza mayai aliyobeba, akanunua chumvi ya Uvinza, akarudi nayo.

"Baba, wamezipokea."

Babu akalamba. "Na mayai, yameuzika?"

Mama akainamisha kichwa.

"Wewe ni mtoto mwema," babu akasema, akageukia ukutani. Hakuonja kitu tena.

Leo nina duka langu Kibondo, nimelisimamisha kwa mikono hii. Wajukuu wangu hela zao zimo kwenye simu. Wakikatwa shilingi mia, wanalia kama wamefiwa. Mwaka huu kambi ya wakimbizi ya Nduta imefunguliwa tena, na juzi mama mmoja wa Burundi alisimama dukani na faranga alizofunga kwenye pindo la kitenge, anataka chumvi.

"Babu, hizo hazina dili," mjukuu akaninong'oneza. "Zinashuka kila siku."

"Pima chumvi, we! Zipokee zote."

Nimeziweka kwenye kopo zilimo sarafu za Bitama, alizoniachia mama. Zamani nikilitikisa kopo lile lililia kama mbuzi wanaorudi. Sasa limejaa makaratasi, halilii.