Kimya Baada ya Ubeti

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi na mume wangu tulifungua duka la kurekodi kanda karibu na soko la Singida mjini. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa duka la ushirika, na siku nyingi rafu zetu zilikuwa na chumvi na viberiti tu. Halafu vitu vikaingia kwa mkupuo: sabuni za kila rangi, viatu vya mitumba, redio za kila ukubwa. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la vitunguu, alirudi safari moja kutoka Dar es Salaam na redio kaseti ya deki mbili ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Akaiweka mezani, akaniambia, "Mama watoto, hii ndiyo kazi yako sasa."

Chumba cha mbele tuliuzia kanda. Chumba cha nyuma tulikizungushia mablanketi ukutani ili upepo usiingie kwenye kurekodi, maana upepo wa Singida hauna adabu, unaingia popote. Kwaya zilikuja kurekodi humo. Watu walikuja pia kutuma salamu kwa ndugu walio mbali, wakaiongelesha mashine huku wakilia. Nilizoea kusikia kila aina ya sauti.

Kisha Jumanne moja asubuhi alikuja mama mmoja. Alikuwa na umri kama wa miaka hamsini, kitenge chake kimefifia, mikono yake inanuka mafuta ya alizeti. Nilikuwa namfahamu kwa sura. Aliishi mtaa wa Utemini na alikuwa akiuza mafuta kwa vidumu pale stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuimba."

"Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Nikampeleka chumba cha nyuma, nikafungua kanda mpya, nikabonyeza.

Nimesikia watu wengi wasiojua kuimba. Wengi wao wanakosea mwanzoni, kisha wanapata njia. Yeye hakuipata njia hata mara moja. Alianza juu mno, sauti ikakatika, akashuka chini mpaka ikawa kama mtu anayesukuma kabati kwenye sakafu ya saruji. Wimbo wenyewe ulikuwa wa watoto, nusu Kinyiramba nusu Kiswahili, unamhusu kuku anayetafuta kiatu cha kwenda nacho harusini. Niliuma midomo ili nisicheke.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Kila alipomaliza ubeti, alinyamaza. Siyo kwa kuvuta pumzi. Alinyamaza muda mrefu, akainamisha kichwa upande, akatazama karibu na mlango, chini kidogo, usawa wa meza. Halafu akaendelea na ubeti unaofuata. Mara ya tatu nami nikageuka kutazama pale mlangoni. Hakukuwa na kitu, ila blanketi.

Nikasimamisha mashine. "Mama, tunaweza kurudia tangu mwanzo."

"Kwani mashine imekataa?"

"Hapana, ila sauti…"

"Acha hivyo hivyo, mwanangu. Na pale ninaponyamaza, usikate."

Alitaka nakala tatu tu. Lakini ile ya kwanza niliisahau ndani ya redio, na mchana mteja mmoja aliyekuja kununua taarabu akaisikia. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniomba nimtolee nakala, na kesho yake akawaleta wenzake. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nairudufu ile kanda zaidi kuliko muziki wa bendi yoyote. Nilimwambia yule mama kwamba watu wanaipenda. Alifurahi. Akaniuliza, "Wanacheka?" Nikaona aibu, nikajibu, "Wanafurahi, mama." Akaniangalia kama aliyetaka jibu jingine.

Madereva wa mabasi waliichukua mpaka Manyoni na Itigi. Kule Mtinko, siku ya mnada, wauza mitumba waliipiga kwa spika ili kuvuta watu. Yeye mwenyewe akawa maarufu. Akipita sokoni watu walipaza sauti, "Mama, imba!" naye aliweka kidumu chini, akaimba hapo hapo. Alialikwa harusini, akaalikwa kwenye sherehe za shule. Watu walimkatiza kwa vicheko, wengine wakaiga sauti yake mbele yake, na hakukasirika hata siku moja. Wakati wanacheka alifumba macho, akageuza kichwa polepole huku na huku, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Siku moja dereva wa basi la Manyoni alinirudishia kanda.

"Dada, shika mali yako. Hii kanda ina kitu."

"Imekwama?"

"Haijakwama. Abiria wanacheka ubeti wa kwanza. Wa pili wanacheka. Wakifika wa tatu wananyamaza basi zima, kila mtu anaangalia dirishani. Jana mama mmoja aliniomba nizime. Anasema anahisi kuna mtu anatakiwa kuitikia, na haitikii."

Nilimcheka. Lakini jioni ile, wakati nairudufu nakala ya mteja, nilijikuta nasubiri pale anaponyamaza. Mtoto wangu mdogo alikuwa analia mgongoni. Kimya kile kilipofika akaacha kulia, akageuza shingo kuelekea chumba cha nyuma. Nilizima mashine kabla ubeti haujaanza tena, na mteja nikamwambia kanda zimeisha.

Tangu hapo nikaanza kujisikia vibaya. Nilijiona kama mtu aliyemvua nguo mama wa watu hadharani. Jumapili mchana nikaenda kwake Utemini kumwambia ukweli. Alikuwa na chumba kimoja na ukumbi mdogo, nyuma yake kuna mawe yale makubwa ya kwetu, na upepo ulikuwa unapuliza vumbi chini ya mlango. Alinipa uji. Nilizunguka na maneno mpaka nikachoka.

"Mama, wale watu hawaupendi wimbo. Wanakucheka."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwanangu, nina masikio. Siwezi kuimba. Tangu nikiwa msichana sijawahi kuweza."

Akakaa vizuri mkekani, akaniambia habari yake bila haraka. Alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, kule kijijini kwao Misigiri. Mtoto huyo alikuwa hachoki kumsikia mama yake akiimba vibaya. Wakiwa shambani, mama anaimba wimbo wa kuku na kiatu, mtoto anacheka mpaka analala juu ya mahindi. Kicheko chake kilikuwa kinaanza na kwikwi moja, halafu ndiyo kinafunguka. Alipofikisha miaka saba alipata surua. Siku za mwisho mama yake alimwimbia, na mtoto alikuwa hana nguvu tena za kucheka. Ile kwikwi tu ndiyo iliyokuwa inatoka.

"Baada ya kumzika nilienda shambani nikaimba," alisema. "Nikamaliza ubeti, nikasubiri. Kimya. Nikahamia mjini kwa sababu ya kile kimya."

Mjini aliingia kwaya ya kanisani. Walimvumilia kidogo, halafu wakamtoa. Lakini Jumapili ya mwisho, alipokosea mbele ya watu, waumini wa nyuma waliangua kicheko, na ndani ya kicheko chao alisikia kwikwi.

"Nikageuka. Watu wazima watupu. Lakini sauti ya mwanangu siwezi kuikosea. Nikajua kwamba peke yake haji. Anaona aibu. Watu wakicheka wengi, anajichanganya humo."

 Nje upepo ulitulia ghafla. Yule mama akainamisha kichwa upande, vile vile kama siku ile dukani. Nami sikuthubutu kugeuka kutazama mlangoni.

"Umemsikia tena?" nikauliza.

"Mara mbili sokoni. Mara moja harusini. Anakuja karibu zaidi kila mara. Nataka watu wengi, mwanangu. Wengi kwa mara moja."

Hao watu wengi walipatikana. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alikodi ukumbi mkubwa wa mjini, akatangaza kwa gari la spika kwamba yule mama ataimba Jumamosi saa tisa alasiri. Watoto hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu safari iliyopita walivunja viti. Mimi nilisimama mlangoni tangu mwanzo nikikagua tiketi, na nawaambia kwa uhakika kabisa kwamba hakuna mtoto aliyepita. Hata wa mgongoni. Kisha nikamwachia mlinzi mlango, nikaenda mbele, nikaweka mashine ya kurekodi mezani chini ya jukwaa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Yule mama alipanda na kitenge kipya. Hakusalimia. Alianza moja kwa moja, juu mno kama kawaida yake, na watu wakaangua kicheko kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ubeti wa pili walikuwa wanapiga viti. Ubeti wa tatu nikaona jasho linamtiririka, macho ameyafumba, kichwa kinageuka polepole. Akamaliza ubeti. Akanyamaza. Akanyanyua mkono.

Sijui kwa nini watu walimtii. Kicheko kilianza kupungua kutokea mbele, safu kwa safu, kama mtu anazima taa moja moja. Kikaisha katikati. Kikaisha kule nyuma. Kikabaki kicheko kimoja.

Kilikuwa kidogo. Kilianza na kwikwi, kikafunguka, kikakatika, kikaanza tena. Kilikuwa mahali fulani upande wa kushoto, chini, usawa wa viti. Niliona watu wa upande ule wakiinuka, wakiangalia miguuni kwao, wakiangaliana. Mwanaume mmoja mnene alipanda juu ya kiti.  

Yule mama akafumbua macho. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikuwa kama msichana. Kicheko kikaanza kusogea, taratibu, kuelekea mlangoni, na watu wakakipisha bila kuambiwa, wakibana magoti na kuvuta nguo zao. Naye akashuka jukwaani akakifuata. Walipofika mlangoni mwanga wa jua ulimpiga, akatoka, na ukumbi ukabaki kimya kabisa. Baada ya muda watu walianza kuondoka kwa kupitia mlango wa pembeni. Hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Jumapili asubuhi mimi na mume wangu tulifungua duka, tukafunga mlango kwa ndani, tukasikiliza kanda. Wimbo upo. Kicheko cha watu kipo, kinapungua vile vile nilivyokumbuka. Halafu kuna kimya kirefu. Ndani ya kimya unasikia kiti kinalia, na kandambili zikiburuta sakafuni. Kicheko kile hakimo.

"Labda mashine haikukishika," mume wangu alisema. "Kilikuwa mbali."

"Mlinzi alikohoa kule nyuma kabisa. Sikiliza. Kikohozi chake kimo."

Tukarudia mara nne. Kisha mume wangu akaitoa ile kanda, akaenda nayo, na sikumuuliza ameipeleka wapi.

Yule mama hakuimba tena. Watu walimwomba sokoni, akatikisa kichwa kwa upole na kuendelea kupima mafuta. Yule mfanyabiashara alimfuata mara tatu, akatoka mikono mitupu. Wengine wakajaribu kuimba vibaya ili wapate umaarufu kama wake, na mmoja alikuja kurekodi kwangu. Alikuwa anajua kuimba, anajifanya tu, na hakuna aliyecheka. Baada ya msimu mmoja yule mama aliuza vitu vyake, akarudi kwao. Watu wakahamia kwenye nyimbo nyingine. Walioingia ukumbini siku ile hawakupenda kuizungumzia. Nikiwauliza, wengine walisema aliyecheka mwisho alikuwa mwanamke fulani aliyelewa. Hakuna aliyeweza kuniambia ni mwanamke gani.

Nilimwona mara moja tu baadaye, miaka kadhaa ilikuwa imepita. Mume wangu alikuwa anapakia mahindi Misigiri, nami nikauliza nyumba yake. Nilimkuta uani kwa kaka yake, anapepeta mtama, amezeeka, mzima kabisa wa akili. Tuliongea habari za watoto na za mvua. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Mama, siku ile ulimfuata mpaka wapi?"

Hakushangaa. "Alikuwa mbele yangu, anacheka, mimi namfuata kwa masikio. Tukapita sokoni, tukapita stendi. Watu walikuwa wananisalimia na siwaitikii. Tulipofika pale barabara inapochukua njia ya kuja huku kwetu, kicheko kikawa chepesi. Nikaona nikiendelea kumfuata nitamchosha. Nikasimama. Nikamwambia, haya mama, nenda."

"Akaenda?"

"Akaenda."

"Na hukuumia?"

"Niliumia sana." Akamwaga makapi pembeni, kuku wakakimbilia. "Lakini mwanangu, na mimi nilikuwa nimechoka kuimba."

Akanipa mlenda na ugali, nikala. Mume wangu alipopiga honi, alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanishika mkono kwa muda, akasema niwasalimie watoto nyumbani. Halafu akarudi kwenye ungo wake.