Rangi Isiyotoka Kwenye Kucha

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Walimwita Bi Nili, kwa sababu ya vidole vyake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitia rangi vitambaa nyumbani, na katika rangi zote aliipenda bluu. Bluu nayo ilimpenda, ikamganda kwenye kucha kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

Vitambaa vyake havikuwa vya kushonea magauni. Vilikuwa vya pamba, vimefumwa kwa matundu madogo yaliyopangika sawasawa, matundu unayoweza kuyahesabu kwa ncha ya sindano. Wadarizi walivinunua kwa ajili ya mishono ya msalaba: uzi unapita huku, unakatana na mwenzake kule, na misalaba midogo elfu kadhaa ikikamilika inakuwa ua, au nyumba, au ndege. Kitambaa cheupe kinapatikana dukani, lakini cha Bi Nili kilikuwa na mawingu. Alikilowesha, akakikunja ovyo kama barua ya kutupwa, akakisokomeza kwenye beseni dogo ili rangi ikose nafasi ya kuenea. Kikifunguliwa, pale pamekolea, hapa pamefifia, kama anga asubuhi baada ya mvua. Mdarizi hakuwa na haja ya kushona anga. Alishona ndege tu, akakuta mahali pa kuruka papo tayari.

Kazi yote ilifanyika kwenye chumba cha nyuma, chenye jiko la mkaa, mabeseni saba, magadi na chumvi kwenye makopo, na dirisha moja ambalo Bi Nili alilifunga daima ili upepo usimpeperushie unga wa rangi.

Hofu yake ilianza na manjano. Mwalimu wa ushonaji aliagiza vipande arobaini, vyote vya manjano ya hindi lililokomaa, na tangu siku alipoanza kazi hiyo Bi Nili hakugusa bluu hata tone. Sasa, mwanamke huyu aliijua kalenda ya kucha zake kuliko ile ya ukutani. Bluu ikiachwa, siku ya nne hugeuka ya jivujivu. Siku ya tisa hubaki ukingoni tu. Siku ya kumi na mbili ukucha unakuwa ukucha wa mtu.

Siku ya kumi na tatu aliinua mikono dirishani, akaona bluu.

Alisugua kwa limau. Alisugua kwa chumvi na mswaki mkuukuu mpaka ngozi ikawasha. Manjano yalitoka yote, bluu haikutikisika. Akasogeza kidole karibu na jicho, akatazama pale ukucha unapochomoza kutoka kwenye nyama, mahali ambapo rangi ya beseni haijapata kufika. Napo palikuwa bluu. Ndipo alipoelewa kwamba rangi ile haikukaa juu ya ukucha. Ilikuwa chini yake, ndani, upande wa damu.

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Mambo mengine aliyokuwa akiyasingizia joto yakaja yenyewe kujipanga mbele yake. Kutoka bombani hadi chumba cha nyuma ni hatua ishirini. Zamani alizivuka na ndoo mbili huku akiimba. Siku hizi alibeba moja, akapumzika mara mbili, na wimbo aliuacha bila kujua aliuacha lini.

Mtu mwingine angekwenda hospitali asubuhi ileile. Lakini Bi Nili alikuwa na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo alibanwa na pumzi, akaenda hospitali kwa miguu yake, ameshika mkoba, akasema, "Ninarudi jioni, msile bila mimi." Alirudi siku ya tatu akiwa amefunikwa shuka. Tangu hapo Bi Nili alishika jambo moja moyoni mwake, wala hakuna aliyeweza kumbandua nalo: ukiingia kule na pumzi mbovu, hutoki. Ukikaa nyumbani, angalau hujaambiwa.

Basi akafanya jambo ambalo ni mtia rangi peke yake angeweza kulifanya. Alichukua unga wa bluu, akaukoroga beseni zima bila ya mtu kuagiza, akaivua mikono yake glavu, ambazo siku zote zilipitisha rangi kidogo, akaizamisha hadi viwiko. Aliishikilia mle ndani kwa muda mrefu, pamoja na vitambaa viwili vya kisingizio. Alipoitoa, kucha zilikuwa za bluu kwa sababu ambayo kila mtu angeielewa.

Binti yake, kitindamimba, ndiye aliyepiga picha za vitambaa na kuwatumia wateja kwa simu. Alipoingia jioni alishika kiuno.

"Mama! Glavu ziko wapi?"

"Zimetoboka."

"Zimetoboka zote sita?"

"Wewe unahesabu glavu zangu siku hizi? Hesabu vitambaa."

"Na nani ameagiza bluu?"

"Nimeikumbuka tu, mwanangu. Manjano yamenichosha macho."

Binti akacheka. "Haya, bwana harusi wako karudi," akasema, akaanza kupiga picha. Bi Nili naye akacheka, lakini cheko lake liliishia kooni na kuwa kikohozi, naye akageukia jiko kana kwamba moshi ndio mkosaji.

Ikawa hivyo kwa wiki mbili. Kila bluu ilipoanza kufifia, alichovya mikono upya. Alilala akiwa ameegemea mito mitatu, akimwambia binti kwamba ni shingo. Alivaa soksi mchana na usiku. Miguu yake haikuwahi kuingia kwenye beseni hata siku moja, na ndiyo maana hakutaka kuitazama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Bi Nili aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu, lakini methali haimshiki mtu mkono akamvusha mlangoni.

Aliyemtia hofu ya pili alikuwa fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa utani asiyejua kunyamaza hata akiwa na misumari mdomoni. Asubuhi moja Bi Nili alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, anatweta, ameshikilia nguzo.

"Bi Nili, leo umefungua kinywa na rangi?"

"Rangi gani?"

"Si hiyo midomoni! Umelamba mwiko au umelibusu beseni?"

"Nyamaza, Fundi. Mzee mzima huna adabu."

"Nisamehe, jirani. Ila futa, watu watasema nyumbani kwako hakuna chai."

Hakufuta palepale. Alitembea polepole hadi ndani, akafunga mlango, akachukua kioo. Midomo ilikuwa ya zambarau iliyopauka, rangi ambayo hupatikana ukitia bluu kidogo kwenye waridi iliyochakaa. Aliitambua mara moja, kama angeiona kwenye kitambaa. Akaifuta kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kibichi, kisha kwa kucha, hadi ikatoka damu. Hata damu ile aliona ni nyeusi mno.

Mikono alikuwa na pa kuificha. Mdomo angeuficha wapi? Alianza kujitanda mtandio hadi puani, akisema meno yanamuuma.

Siku ya Jumanne alikuwa anainua kitambaa kutoka kwenye beseni, kitambaa kirefu kilicholowa, chenye uzito wa mtoto aliyelala. Alikiinua nusu. Hewa ikakataa kuingia. Aliona mabeseni yote saba yakizunguka polepole, akajikuta ameketi sakafuni, maji ya bluu yakimtiririka mapajani, na binti yake amepiga magoti mbele yake akipiga kelele: "Mama! Mama, nitazame!"

"Nimeteleza."

"Hukuteleza, nilikuwa mlangoni!"

Hakumpa nafasi ya kubisha. Fundi viatu aliita gari, na ndani ya nusu saa Bi Nili alikuwa kwenye benchi la hospitali, ameshikilia ukingo wa benchi kana kwamba watu wangekuja kumbandua.

Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye haraka na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alichukua kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, akambana Bi Nili kidole cha shahada. Kifaa kikawaka, kikaonyesha vistari. Akahamishia cha kati. Vistari. Akajaribu mkono wa pili; ikaja namba, ikapotea, ikaja nyingine mbali kabisa na ile ya kwanza.

"Mama, umepaka rangi ya kucha?"

"Ni kazi yake, dada," binti akadakia. "Anatia rangi vitambaa. Miaka yote yuko hivyo, hata sisi tulizaliwa tukamkuta hivyo."

"Aah! Ndiyo maana. Kifaa hiki kinapima hewa ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ukucha, rangi inakichanganya." Muuguzi akakichomoa. "Na midomo?"

"Anashikashika mdomo kwa mikono yake hiyohiyo," alisema binti. Aliamini anachosema.

"Mama, unabanwa na pumzi?"

Mlango ukawa wazi mbele ya Bi Nili. Angeweza kutoka mle na kurudi nyumbani bila kuambiwa lolote. Neno moja lilitosha.

"Hapana," akasema, akilipunguza neno ili pumzi ilitoshe. "Joto tu."

"Basi kapumzike. Usiguse rangi, urudi wiki ijayo kucha zikiwa safi, tupime vizuri. Ukijisikia vibaya usisubiri." Nyuma yao foleni ilikuwa imefika uani.

Binti alimketisha kwenye benchi la nje, akatafuta gari kwa simu. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ulinitisha, mama. Kumbe ni rangi tu!" Akaketi, akamwegemea begani. "Halafu sijakwambia: ile bluu uliyoitia bila kuagizwa imependwa kupita zote. Wanataka vipande sitini. Tukifika utapumzika leo, kesho tuanze, au siyo?"

Bi Nili alitaka kujibu "ndiyo." Alifungua kinywa, lakini neno halikupata hewa ya kupandia. Alitazama geti. Hatua kumi na tano, labda kumi na sita, na asingeweza kuzivuka. Akaiona kesho ilivyo: chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, yeye sakafuni kati ya mabeseni, na mwanawe mlangoni na simu mkononi, akisema ni rangi tu. Angekufa mbele ya watu wanaompenda na hakuna hata mmoja ambaye angeshtuka, kwa kuwa yeye mwenyewe amewafundisha wasishtuke. Hospitali ilimtisha. Hili lilimtisha zaidi.

"Nivue kiatu," akasema.

"Kwa nini? Kinakubana?"

"Nivue. Na soksi."

Binti aliinama akicheka, akavuta soksi ya mguu wa kulia, na cheko likakatika katikati. Vidole vitano vya mguu, visivyowahi kugusa rangi, vilikuwa na kucha za bluu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huu umeuchovya lini?"

"Sijachovya, mwanangu. Mguu sijachovya. Na mikono nilichovya ili usione."

Binti alisimama, akavuka foleni yote bila kuomba radhi, akarudi na muuguzi amemshika mkono kama mwizi. Kile kibanio kikabanwa kwenye kidole gumba cha mguu. Kilisita, kisha kikatulia kwenye namba sabini na tisa. Muuguzi hakueleza namba hiyo maana yake nini. Alipiga kelele kuelekea ndani kwamba anahitaji kitanda na mtungi wa hewa, sasa hivi, na kwa namna alivyokimbia Bi Nili alielewa.

Daktari alikuja, akasikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akauliza kuhusu chumba, mkaa, unga wa rangi na dirisha. Alisema mapafu yamechoka, yamekula moshi na vumbi kwa miaka mingi. Alisema kuna dawa, lakini hakusema zitafanya nini. Bi Nili alisubiri aseme, akaona daktari anatazama karatasi.

Wakamlaza. Mrija wa hewa ukawekwa puani, ukavuma kama upepo kwenye ufa. Hofu haikuondoka, ilipanda naye kitandani. Alimshika binti mkono kwa nguvu.

"Usitoke."

"Sitoki."

"Keti huko miguuni. Tazama kidole. Niambie kinageuka rangi gani."

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda, akafunua shuka. Zikapita dakika nyingi.

"Kinakuwa pinki, mama."

"Pinki ipi?"

"Mimi nitajuaje? Pinki tu."

"Hakuna pinki tu. Miaka yote unanipigia picha, hujajifunza? Ya waridi, au ya ulimi wa paka?"

Binti akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akainama zaidi.

"Ya ulimi wa paka," akasema. "Katikati. Pembeni bado kuna bluu."

"Bluu iliyokolea?"

"Imefifia kidogo. Kidogo sana."

Bi Nili alifumba macho, akavuta hewa ya mtungi taratibu, kwa kuogopa kuimaliza.

"Endelea kutazama," akasema.