Uso Wangu Juu ya Mboga za Shemeji

Baba yangu alipigwa foto moja tu katika maisha yake, kule Makiso mjini, mbele ya kitambaa chenye ndege ya kuchorwa. Koti ilikuwa ya mwenye studio. Akatuma foto kwa ndugu zake kule Isangi. Bon, wakaja watu saba na mikeka yao, kukaa kwa tajiri. Wakakuta tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Shule niliacha mapema, lakini hiyo nilielewa: foto haina mudomo wa kukataa.

Sasa huyu shemeji, bwana ya dada yangu, analima mboga ya lengalenga kule Lubunga, ng'ambo ya muto. Miaka yote alicheka majivu na mavi ya mbuzi ninayotia mu shamba langu. "Muzee, hiyo ni kilimo ya wenye kukosa dawa." Yeye leo anapuliza dawa ya wadudu, kesho anakata, anauza.

Halafu akaanza kuuza kwa simu. Wamama wa Makiso wakamwandikia: tunataka mboga bila dawa. Siku ile ile mutu akaongoka. Akanisimamisha mu kitalu kidogo nyuma ya nyumba yake, akanipa ndoo ya majivu, akapiga foto. Akaandika chini, akawatumia wamama: papa huyu analima kama babu zetu.

Kitalu kile hakikuwa na dawa, nisimsingizie. Dada yangu alichuma mboga ya chungu chake pale tu. Ya kuuza ilitoka shamba kubwa. Walijua, wote wawili. Na mimi nilijua, nikanyamaza, maana sokoni walianza kuniita papa ya mboga, na nilipenda.

Mpaka mama mmoja, mwenye mimba kubwa, akavuka muto kuja kujionea. Shemeji aliniita nisimame tena na ndoo. Akamuonyesha kitalu. Mafungu ya kuuza, ya shamba kubwa, yalikuwa yamefungwa tayari mu beseni.

Mama akanitambua. "Papa wa foto. Na hali hii, naweza kula?"

"Mwambie, shemeji," akasema yule muongo.

"Ya kitalu, kula. Ya beseni, wenye nyumba hii hawakulake hata siku moja."

Shemeji akacheka peke yake. "Jua imemupiga muzee, mama."

Mama akarudisha mu beseni fungu alilokuwa ameshika, polepole, kama mutu anayeweka yai. Nikatua ndoo, nikashika njia ya mitumbwi. Dada aliniita mara mbili. Lubunga sijarudi.