Fundi Viatu na Indonongo Yake

Fundi viatu wa soko la Warwick, ugenini, huupaka upinde utomvu taratibu, kwa kidole gumba chenye makovu ya sindano, kabla ya kupiga indonongo yake, zeze la Kirundi la uzi mmoja. Haongei sana. Siku Médiatrice, muuza nyanya wa jirani, alipopata habari kwamba baba yake amezikwa kwao Gitega bila yeye kuwepo, fundi aliweka chini kiatu cha mteja.

“Mzee alikuwa anapenda wimbo gani, dada?”

“Ule wa kuita ng'ombe.”

Akaupiga mchana kweupe, katikati ya honi za teksi. Médiatrice akalia kwa mara ya kwanza tangu apate habari, akaona kama naye ametupa udongo kaburini.

“Asante, papa,” alisema.

Fundi akaurudia wimbo tangu mwanzo.