Walisema Bibi Anamla Dada

Nyumba yetu ya Juba iliingiwa na magonjwa mawili, na majirani wakayafanya ugonjwa mmoja. Walisema bibi anamla dada yangu kwa uchawi. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia hayo, na kwa sababu hata leo wapo wanawake wa soko la Konyo Konyo wanaogeuza uso nikipita.

Ugonjwa wa bibi ndio uliotangulia, ila hatukuuona. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda baada ya vita, na kila aliyerudi alikuwa anapotea. Wazee walitafuta miti iliyokwisha kukatwa, wakapiga hodi kwenye nyumba zisizo zao. Bibi alipoulizia njia ya kwetu, nani angeshtuka? Hata furushi lake lilikuwa jambo la kawaida. Uhamishoni kila nyumba iliweka furushi la kukimbia nalo nyuma ya mlango: chumvi, kiberiti, sufuria, jembe lisilo na mpini. Wengi wetu tuliendelea kulifunga hata tuliporudi. Bibi alilifunga kila siku.

Mimi ni mtu wa hofu. Nasugua sufuria iliyokwisha kutakata, na sentensi moja naifuta na kuiandika hadi karatasi inatoboka. Kwa hiyo nilifungua lile furushi nilikague. Penye chumvi palikuwa na majivu. Palikuwa na kifuniko bila sufuria, na kiatu kimoja cha mtu nisiyemjua. Huyu ndiye mwanamke aliyetuchapa tuliposahau chumvi. Nikakaa chini. Nilijua nimeona ugonjwa, ingawa sikuwa na jina lake.

Nikaanza kumsahihisha. Haboba, bibi yangu, vita vimekwisha. Haboba, usimwite mama, mama tulimzika Uganda. Kila niliposema hivyo aliupokea msiba upya na kulia upya. Niliona wazi kwamba ninamuumiza, lakini kosa likipita mbele yangu bila kusahihishwa, mwili wote huniwasha.

Mvua zilipoanza, dada akajifungua. Mtoto alitolewa nje, akapewa jina, wanawake wakala na kuondoka. Dada akabaki kitandani akiutazama ukuta. Mtoto alilia, maziwa yakalowesha gauni lake, naye hakunyoosha mkono. Hakulala hata nyumba ilipokuwa kimya. Watu walisema Uganda ilimdekeza. Mumewe, dereva wa lori kwenye barabara ya Nimule, akirudi safari alikaa nje na wageni, hajui aingie vipi.

Kisha mchana mmoja bibi akaonekana karibu na daraja jipya, furushi kichwani, mtoto amefungwa kifuani. Alikuwa akiwaambia watu wavuke haraka, wanakuja. Askari wa darajani walimrudisha. Mtoto alikuwa mzima, amelala usingizi. Lakini mtaa ulikuwa umepata ulichokitafuta: kikongwe, mtoto mchanga, na mama asiyesema.

Kesho yake akaja mjomba, mwana wa kwanza wa bibi, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Walikaa kwenye kibanda cha kivuli mbele ya nyumba, na ilikuwa dhahiri wamekwisha kuamua njiani. Bibi avushwe hadi Gumbo, akae kwenye tukul, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba ya mjomba, yenye komeo kwa nje. Yeye akiwa ng'ambo ya mto, dada atapona. Mjomba aliyasema hayo kwa upole, kama anayepanga kuhamisha mbuzi.

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba yangu tangu asubuhi. Ilipofika mdomoni kilibaki kipande tu.

"Mjomba, kama bibi ndiye anayemla dada, nani anamla bibi?"

Wazee wakacheka.

"Sikia daktari," mjomba akawaambia. "Yeye iko na shule yake. Shule ya karatasi ya kufungia sukari."

"Ndiyo hiyo hiyo, mjomba. Na bibi haendi Gumbo."

Ni kweli, kusoma nilijifunza kwenye karatasi hizo. Nikawaeleza habari ya majivu, kwamba bibi alianza kupotea kabla dada hajashika mimba. Mzee mmoja alikuwa tayari anaitafuta kofia yake aondoke.

Ndipo dada akatokea mlangoni, ameshika mwimo.

"Bibi hakuiba mtoto. Nilimpa mimi."

Mjomba akamwambia arudi akalale.

"Aliniambia anakimbia. Nikamwambia, mchukue na huyu. Akibaki na mimi atakufa."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikuja kumchukua mchawi mmoja, sasa alikuwa na wagonjwa wawili. Alimtazama mpwa wake, kisha akasimama.

"Khalas, basi," akaniambia. "Mtoto akifa, ni wewe."

"Ni mimi."

Nikaingia ndani kumtafutia dada gauni kavu.

Siku hiyo hiyo nilimpeleka dada hospitali. Mkunga mmoja alimsikiliza hadi mwisho. Akasema ameona wengine, ugonjwa huu huja na uzazi, tena hupona. Si uvivu wala laana. Asiachwe peke yake na mtoto, alale, ale, asiulizwe kwa nini hafurahi. Basi nilimweka mtoto kwenye titi lake, akishiba namchukua, na dada namlaza. Wanawake walisema ninamtenga mama na mwanawe. Niliwaacha waseme. Bibi naye sikumsahihisha tena. Akisema wanakuja, nilivaa ndala tukakimbia pamoja, taratibu, mpaka kwa wauza samaki. Huko alichoka, akaomba nimpeleke nyumbani, nami nikampeleka.

Dada alipona polepole, akirudi nyuma mara nyingi. Siku moja alimnyang'anya mtoto mikononi mwangu.

"Lete. Unambeba kama sufuria ya moto."

Bibi hakupona. Alifia kwetu, mlango wazi, akiniita kwa jina la mama, nami nikiitika. Dada ndiye aliyemwosha. Msibani jirani mmoja alinong'ona kwamba sasa dada atapona kabisa. Kwetu mtu hafukuzwi msibani. Nilimfukuza, tena kwa sauti. Mjomba alikuwa amekaa karibu, akasikia yote. Akakunja miguu ili yule jirani apate pa kupita atoke.