Thabit na Ova ya Mwisho

Baba yangu, Thabit, alizaliwa Tabora, akajifunza kriketi kwa watoto wa maduka ya Kihindi, akaja nayo Maskati na masanduku mawili. Wenzake wa kazini walipenda soka. Yeye kila Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye kiwanja cha kokoto huko Mawaleh, na kwa miaka kumi na minne ndiye aliyeirushia timu yake mpira wa kwanza. Mimi mchezo wenyewe sikuuelewa hata robo. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: mtu mzima anang'ang'ania kuanza kwa nini?

Jibu nililipata Alkhamisi moja mwaka 1999, nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini, ambako sinia haliguswi mpaka mkubwa atie mkono. Fahd, mtoto wa shangazi yangu na nahodha mpya wa timu, alichagua wakati huohuo kufungua mdomo, baba akiwa na tonge mkononi.

"Mjomba, kuanzia kesho nnataka uturushie ova ya mwisho. Ya kwanza atarusha Salem."

Ova ni mipira sita tu, na Salem alikuwa mmoja wa vijana wa timu. Lakini alichosikia baba ni kwamba mkubwa angoje wadogo washibe kwanza. Alinawa mkono, akaondoka. Shangazi alimtazama mwanawe kwa jicho ambalo sitamani kutazamwa nalo.

Kesho yake baba alikwenda hata hivyo, kwa kisirani, nami nikamfuata kwa udadisi wangu. Kwa muda wa saa tatu alisimama pembeni, akachoka kwa kungoja. Alipopewa mpira, wapinzani walihitaji pointi nne washinde. Kwa mipira mitano ya kwanza hawakuambulia kitu. Wa sita ulipigwa ukavuka mpaka wa kiwanja, pointi nne papo hapo. Tukashindwa.

"Ukikosea mwanzo, una asubuhi nzima ya kurekebisha," aliniambia garini. "Mwisho huna kitu. Khalas, mwanangu. Nimezeeka."

Nililia, wala sioni haya kusema.

Ijumaa iliyofuata Fahd alikuja kumchukua, baba akakataa kutoka. Fahd akasimama mlangoni.

"Mjomba, wiki ile ya kabla sijakwambia, nilipouinua mpira wa ova ya mwisho nikatafuta wa kumpa, vijana wote waliinamisha vichwa, na Salem akiwamo. Wewe ulikuwa ushaanza kuja."

Baba aliinama akavuta viatu vyake. Kisha akauliza leo wanacheza na nani.