Soseji Nilizompelekea Mdogo Wangu

Sisi tuliomenya ndizi kabla ya kujua kuandika majina yetu hatukuwahi kusoma chakula. Tulikinusa. Kwetu Nshamba samaki wa ziwani alifika amekwisha kuwa mweusi kwa moshi, akaning'inizwa juu ya jiko, na mawe, yaani mama yetu, akitaka kujua kama bado anafaa alimsogeza puani, basi. Chumvi, moshi na jua. Dawa nyingine ya kutunza chakula hatukuijua.

Mdogo wangu ni Kokubanza. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini. Tulikalia maganda ya migomba tukateleza mteremko mzima, gauni zikatoboka makalioni, mawe akapiga kelele hadi jirani wakatoka. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tuliamka umande haujakauka, tukaokota mpaka vidole vikafa ganzi, tukarudi kunyonyoa mabawa na miguu. Mawe aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na nyumba yote ikanukia. Kokubanza alikuwa mlafi, Mungu anisamehe kumsema. Alimaliza wake akala na wangu, nami nilimwachia.

Na mtakumbuka, ninyi wa umri wangu, hakuna aliyepewa kitu kisichoonjwa. Mgeni akiingia, tata, baba yetu, alitia punje mbili za kahawa ya kutafuna kinywani mwake kwanza, ndipo akamsogezea mgeni kikapu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, nayo ilikuwa hivyohivyo. Mawe alisema, "Chakula ambacho mwenyeji hakukionja ni chakula cha adui." Na kikishaonjwa, kukikataa ni kumtukana mtu.

Wajukuu zetu sasa! Wanavaa glavu kumenya ndizi, wanaogopa utomvu kama nyoka. Chakula kikifika mezani hakiliwi mpaka kipigwe picha. Tena wanageuza pakiti nyuma kusoma maandishi madogo kama mayai ya chawa. Niliwacheka sana. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma leo.

Kokubanza anaishi Kagondo, hapo Bukoba, na mjukuu wake Anita anayemtunza. Figo zake zimechoka. Nesi wa kliniki alimwambia apunguze ndizi na maharage, na vitu vya kiwandani aviache kabisa. Kokubanza alipokuja kunisimulia, mimi nilisikia neno moja tu: ndizi. Mhaya aliyenyimwa ebitoke amebakiwa na nini? Niliona mdogo wangu atakufa kwa njaa kabla ya figo.

Basi nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la nne. Kama chakula cha shambani kimekataliwa, nitampelekea cha kizungu, kilichofungwa vizuri, kisichoguswa na mikono. Nikashuka mjini, nikaingia duka moja pale Miembeni, nikanunua soseji za ng'ombe, jibini laini ya kupaka na soda nyeusi mbili kubwa. Nilijiona dada mwema.

Anita alipoona mfuko wangu akageuza pakiti, akasoma, akapiga magoti kwa adabu kabisa.

"Bibi, samahani. Hivi asile. Vina fosfeti."

"Fosfeti si mbolea ya kahawa? Sasa wamepanda kahawa ndani ya soseji?"

"Bibi, nesi alisema..."

"Nesi amemlea nani? Bibi yako nimembeba mimi, mgongo huu. Lete sufuria."

Akaileta. Nilichemsha zile soseji, nikakata kipande, nikakila mbele ya Kokubanza, nikamwambia, "Nimeonja. Haya, kula." Soda nayo nikaanza mimi. Kokubanza alimtazama Anita, akanitazama mimi, akala. Alikula zote, nami nikacheka nikasema, "Ulafi wako haujaisha!"

Kila nilipokwenda kumtazama nilipeleka mfuko ule ule. Ikapita miezi miwili. Akaanza kujikuna. Alijikuna mikono, mgongo, miguu, usiku mchana, mpaka shuka zikawa na madoa ya damu. Mifupa nayo ikamuuma. Mimi nikasema ni sabuni.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Nesi, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, akatazama vipimo, akakunja uso. "Mama Kokubanza, fosfeti imepanda sana kwenye damu. Umekuwa ukila nini?"

Mdogo wangu akasema, "Soseji. Na soda nyeusi."

"Nani alikununulia? Sikukukataza?"

"Nilinunua mwenyewe."

Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua tatu tu. Mdomo ninao, na mnajua haujawahi kunishinda. Siku hiyo ulinishinda. Nesi akamgombeza Kokubanza mbele ya wagonjwa wote, kama mtoto aliyeiba sukari, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kisha akaeleza, polepole, wote tusikie. Fosfeti si sumu, alisema. Ipo kwenye nyama, samaki na maharage tangu kuumbwa. Ila kiwandani wanaongeza nyingine: kwenye soseji ili nyama ishike maji isikauke, kwenye jibini ili iwe laini isijitenge, kwenye soda nyeusi ili iwe na ule ukali. Kuna kipimo kinachoruhusiwa, na mwenye figo nzima akila kwa kiasi mwili unaitoa kwenye mkojo. Figo zikichoka, inabaki. Na hii ya kuongezwa huingia kwenye damu upesi kuliko ile ya kwenye maharage. Ikijaa, mwili unawasha, na mifupa inaliwa chokaa yake kidogo kidogo.

Hapo nikaelewa. Ningeweza kuonja mpaka mwisho wa dunia na nisione kitu, kwa sababu figo zilizoonja ni zangu.

Tuliporudi Kagondo nilimuuliza, "Mbona hukunitaja?"

"Dada, ningekutajaje mbele za watu?"

"Na mbona ulikula, wakati ulikuwa umekatazwa?"

Akaendelea kujikuna kiwiko. "Ulikuwa umeonja. Ningekataaje?"

Nilikwenda jikoni, nikamwambia Anita, "Nifundishe." Mtoto wa juzi akanifundisha mimi kupika ndizi: menya, kata vipande vidogo, loweka, chemsha, mwaga maji, chemsha tena kwa maji mapya ili madini yanayozilemea figo yapungue, na uweke kidogo tu kwenye sahani. Hakunisimanga hata neno moja. Angenisimanga ningepumua.

Kliniki iliyofuata nilisimama kabla nesi hajauliza. Nikasema kwa sauti, benchi lote lisikie, "Binti, zile soseji nilinunua mimi. Soda pia mimi. Huyu alisema uongo kunisitiri." Nesi akanitazama, akasema, "Ahsante kwa kusema, bibi," akaandika kwenye daftari, akaita mgonjwa mwingine. Kokubanza sasa anajikuna kidogo. Mifupa, amesema nesi, tungoje tuone.

Enzi zetu ukimkosea mdogo wako tata alikuchapa fimbo za miguu, ukalia, mawe akakuita ule, na jioni mlilala blanketi moja, kosa limekwisha. Leo nimemkosea kuliko makosa yote ya utoto wangu, na kila mtu ananiambia, "Pole, bibi, hukujua." Tata na mawe wamelala kibanjani, chini ya migomba. Hakuna aliyebaki wa kunichapa.